Sura ya Nne: Watoto na Ardhi, Kesi Moja

Rejista za watoto waliochukuliwa na Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini ya jimbo la New South Wales kati ya 1916 na 1928 zimehifadhiwa mpaka leo. Kila mtoto ameandikiwa jina, umri, mahali alipotolewa na mwajiri aliyepelekewa. Pana pia nafasi ya kutaja sababu ya Bodi kumtwaa. Mameneja wengine wa vituo vya Bodi walijieleza kidogo: yatima, hana wa kumtunza, amefikia umri wa kufanya kazi. Wengine hawakujisumbua. Waliandika kwamba mtoto ni Mwaborijini, wakafunga daftari.

Mwanahistoria Peter Read alizipitia rekodi za Bodi, na mwaka 1981 akatoa kijitabu kilichowapa watoto hao jina ambalo Australia nzima inalitumia sasa: Vizazi Vilivyoibwa. Tangu hapo kuna utetezi mmoja unaorudi kila mjadala unapozuka. Watu wa zamani, husemwa, walikuwa na nia njema. Ndivyo walivyofikiri zama zile, na si haki kuwapima kwa mizani ya leo.

Utetezi huo unasahau kwamba Waaborijini nao walikuwa watu wa zamani. Waliishi zama zile zile, wakaandika barua, wakakodi kumbi, wakakusanya sahihi, na maneno yao yakafika mezani kwa wakuu wa serikali za jimbo na za taifa. Sura hii inasimulia walichokisema kati ya 1924 na 1940, na kwa nini kila walipodai watoto wao walidai pia ardhi.

Sheria ilivyosukwa

Bodi iliundwa mwaka 1883. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kugawa posho ya unga, sukari na majani ya chai, kutoa mablanketi, na kusimamia rizavu zilizotengwa kwa ajili ya wenyeji. Nyingi ya rizavu hizo hazikuja kwa hisani ya serikali. Mwaka 1881 wanaume 42 wa Maloga, kando ya mto Murray, walimwandikia gavana wakiomba ardhi ya kulima katika nchi ambayo wazee wao walinyang'anywa. Miaka saba baadaye, karibu na hapo, kikaanzishwa kijiji cha Cummeragunja. Watu wakafyeka msitu na kupanda ngano, na katika miaka ya 1890 familia kadhaa zikagawiwa vipande vyao wenyewe. Huko pwani, katika bonde la mto Macleay, familia nyingine zilifyeka na kulima vivyo hivyo.

Shamba lililokwisha kufyekwa lina thamani kuliko msitu, na majirani Wazungu waliliona hilo. Kufikia 1907 familia za Cummeragunja zilikuwa zimepokonywa vipande vyao na Bodi. Rizavu moja baada ya nyingine ilifutwa, ikakodishwa au ikagawiwa walowezi, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaongezeka askari Wazungu waliorudi kutoka vitani wakiahidiwa mashamba. Kati ya 1911 na 1927 Waaborijini wa New South Wales walipoteza karibu nusu ya ardhi ya rizavu.

Kikwazo kilikuwa watu. Wakuu wa Bodi waliamini kwamba Waaborijini walikuwa kabila linalokwisha, na kwamba rizavu zingebaki mahame zenyewe. Haikuwa hivyo. Machotara walikuwa wakiongezeka, wakioa na kuolewa, wakizaa, na watoto wao walijihesabu Waaborijini kama mama zao. Maadamu kijiji kilikuwa na watoto, kilikuwa na kesho, na ardhi yake ilikuwa na mrithi.

Sheria ya Ulinzi wa Waaborijini ya mwaka 1909 iliipa Bodi meno. Iliweza kuwafukuza machotara kutoka rizavu, na kuwapeleka watoto wao kazini kama wanagenzi. Lakini ili kumtoa mtoto kwa wazazi ilibidi kwanza ithibitishe mbele ya hakimu kwamba mtoto ametelekezwa. Hapo ndipo ilipokwama, kwa kuwa watoto wengi walikuwa na mama, bibi, mashangazi na chakula. Bodi ikalilalamikia Bunge, na mwaka 1915 sheria ikabadilishwa. Kuanzia hapo Bodi iliweza kumchukua mtoto yeyote wa Kiaborijini kwa kuona tu kwamba ni kwa manufaa ya maadili yake au mwili wake. Hakimu akaondolewa njiani. Mzazi aliruhusiwa kukata rufaa, lakini baada ya mtoto kwisha kuondoka, na mzigo wa kuthibitisha ukawa juu yake yeye.

Hata ndani ya Bunge lile palikuwa na aliyeona. Mbunge Patrick McGarry alisimama na kusema kwamba muswada huo unairuhusu Bodi kumwiba mtoto kwa wazazi wake. Neno la wizi, ambalo wengi hudhani limebuniwa na wanaharakati wa miaka ya 1980, lilitamkwa na Mzungu katika Bunge la Sydney siku sheria yenyewe ilipokuwa ikijadiliwa. Muswada ukapita.

Wasichana walichukuliwa zaidi. Hesabu za Bodi zinaonyesha kwamba kufikia 1921 wasichana walikuwa zaidi ya wanne katika kila watoto watano waliotwaliwa. Walipelekwa Cootamundra, kwenye jengo lililokuwa hospitali, wakafundishwa kufua, kupika na kusugua sakafu. Walipofika miaka 14 hivi waligawiwa kwa familia za Kizungu kama watumishi wa nyumbani. Walishikishwa peni chache kila wiki. Sehemu kubwa ya mshahara ilienda Bodi, na wengi hawakuiona tena. Wavulana walifunguliwa nyumba yao Kinchela, karibu na Kempsey, mwaka 1924. Kuwatoa wasichana wakati wakikaribia umri wa kuzaa kulikuwa na hesabu yake: msichana aliyeko Sydney hazai kijijini. Ripoti ya Bodi ya mwaka 1921 haikuficha jambo hili. Ilisema kwamba kuwatenga watoto na maisha ya kambini hatimaye kutalimaliza tatizo la Waaborijini.

Margaret Tucker alikuwa na miaka 13 mwaka 1917, polisi alipofika kwa gari kwenye shule ya Moonahculla. Mama yake aliitwa, akaja mbio, akakuta wanawe wamekwisha kutengwa na wenzao. Margaret na mdogo wake May walipelekwa Cootamundra, na baadaye Margaret akatumikishwa katika nyumba ya Sydney alikoteswa. Alichukuliwa akiwa darasani, chini ya sheria iliyodai kuwaokoa watoto waliotelekezwa. Tutakutana naye tena.

Kuli wa bandari ya Sydney

Fred Maynard alizaliwa mwaka 1879 Hinton, kaskazini mwa Sydney. Mama yake alifariki Fred angali mtoto mdogo, na kwa muda akalelewa nyumbani kwa mchungaji, ambako alijifunza kusoma na kuandika Kiingereza cha kunyoosha mgongo. Alichunga mifugo, akazunguka jimbo zima kwa kazi za mikono, kisha akawa kuli bandarini Sydney na mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa bandari.

Bandari ilimpa kitu ambacho rizavu isingempa. Meli zilileta mabaharia weusi kutoka Marekani na visiwa vya Karibiani, na mabaharia walileta magazeti na habari. Jack Johnson, bondia mweusi aliyetwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mjini Sydney mwaka 1908, alikaribishwa na jumuiya ya watu weusi wa mji huo. Kufikia 1920 mji ulikuwa na tawi la chama cha Marcus Garvey, Mjamaika aliyewahimiza watu weusi popote walipo kujivunia asili yao na kujitegemea. Maynard na wenzake walipoanzisha Chama cha Maendeleo ya Waaborijini wa Australia mwaka 1924, kaulimbiu yao, Mungu mmoja, lengo moja, hatima moja, waliichukua kwa Garvey.

Mkutano mkuu wa kwanza ulifanyika Aprili 1925 katika ukumbi wa kanisa mtaani Surry Hills, ukahudhuriwa na Waaborijini zaidi ya 200. Wa pili ulifanyika mwaka huo huo Kempsey, katika bonde la Macleay, mahali ambapo familia zilikuwa zimepokonywa mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Matawi yakaenea pwani, wanachama wakapita 500. Chama kikaungana na Elizabeth McKenzie Hatton, mwanamke wa Kizungu aliyefungua nyumba mtaani Homebush ili kuwapa hifadhi wasichana waliotoroka au kufukuzwa na waajiri wao. Polisi waliichunga nyumba hiyo usiku na mchana.

Mwaka 1927 chama kilimpelekea Jack Lang, mkuu wa serikali ya jimbo, orodha ya madai. Kila familia ya Kiaborijini ipewe ardhi ya kutosha, iwe mali yake kabisa. Maisha ya familia yaheshimiwe kama kitu kitakatifu na watoto wabaki chini ya wazazi wao. Wazee na wasiojiweza watunzwe na serikali. Bodi ifutwe, na mambo ya Waaborijini yasimamiwe na Waaborijini wenyewe, mwenyekiti akiteuliwa na serikali.

Dai la ardhi limetangulia, la watoto limefuata, na huo si mpangilio wa bahati. Maynard alikuwa ameona kwamba familia isiyo na ardhi hulazimika kuishi kambini kwa posho, na maisha ya kambini ndiyo Bodi iliyatumia kama ushahidi kwamba mtoto hatunzwi. Palikuwa na shule pia. Tangu mwanzo wa karne, mzazi Mzungu mmoja tu akilalamika, watoto wa Kiaborijini waliweza kuondolewa katika shule ya serikali. Mtoto akafukuzwa shule, halafu akahesabiwa mtoto asiyesoma, halafu akachukuliwa. Mwaka 1926 Jane Duren, mwanachama wa pwani ya kusini, alimwandikia Mfalme George V mwenyewe barua ya kushtaki jinsi watoto wa Batemans Bay walivyokuwa wakifungiwa shule. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Jane Duren hakuona sababu ya kumpelekea uchungu huo karani wakati mwenye nchi yuko London.

Lang aliipeleka orodha kwa nani? Kwa Bodi ile ile iliyoshtakiwa. Bodi ikajibu kwamba madai hayana msingi. Maynard akaandika tena, akaeleza kwamba Waaborijini hawakubali kufikiriwa kuwa duni kwa Mzungu, na kwamba mababu zao walijitawala kabla meli ya kwanza haijafika. Polisi wakazidi kuwaandama viongozi, wakawatisha kwa kuwakumbusha watoto wao. Kufikia 1928 chama kilikuwa kimetoweka hadharani. Maynard alifariki mwaka 1946.

Mzee wa Footscray

Bendera iliyoanguka Sydney iliokotwa Melbourne. William Cooper, Myorta Yorta aliyezaliwa karibu 1860, alikulia Maloga na Cummeragunja. Alisomeshwa na Thomas James, mwalimu mwenye asili ya Kihindi kutoka Mauritius, ambaye darasa lake lilitoa kizazi kizima cha viongozi. Cooper alikata manyoya ya kondoo, akavua samaki, akalea watoto. Mwanawe Daniel aliuawa Ubelgiji mwaka 1917 akipigania dola ya Uingereza, dola iliyokuwa imewapokonya watu wake mashamba miaka kumi tu kabla.

Alipopita miaka 70 aliondoka Cummeragunja, kwa kuwa Mwaborijini aliyeishi kwenye rizavu hakuruhusiwa kupata pensheni ya uzee. Akahamia Footscray, mtaa wa wafanyakazi mjini Melbourne, na kuanza kazi ambayo wengi huimaliza katika umri huo. Yeye na wenzake walianzisha Ligi ya Waaborijini wa Australia. Alikuwemo Doug Nicholls, mchezaji wa kandanda ya Kiaustralia ambaye dada yake Hilda alichukuliwa na kupelekwa Cootamundra. Alikuwemo pia Margaret Tucker, sasa mwanamke mzima mwenye sauti na hoja.

Cooper alitunga ombi kwa Mfalme, akitaka watu wake waokolewe wasitoweke, wapate maisha bora na wawe na mwakilishi katika Bunge la taifa. Alikusanya sahihi 1,814 nchi nzima, nyingine kutoka vituo ambavyo mameneja wake walikataza karatasi hiyo isipite. Mwaka 1937 aliikabidhi serikali ili iifikishe London. Mwaka uliofuata baraza la mawaziri likaamua isipelekwe.

Mwisho wa 1938 magazeti yalileta habari za Wayahudi wa Ujerumani kuvunjiwa maduka, kuchomewa masinagogi na kukamatwa. Tarehe 6 Desemba Cooper alikwenda na ujumbe wa Ligi hadi ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Melbourne kukabidhi barua ya kulaani ukatili huo. Hawakupokelewa. Watu wasiokuwa na hakika ya kulala na watoto wao nyumba moja walikuwa wamepata nafasi ya kuwasemea watu wa bara jingine.

Tarehe 26 Januari 1938

Siku hiyo Australia ya Wazungu ilisherehekea miaka 150 tangu Kapteni Arthur Phillip aingize meli zake Sydney. Palikuwa na gwaride, fataki na maigizo ya kuwasili kwake. Wanaume wa Kiaborijini waliletwa kutoka vituo vya bara kama Menindee, wakalazwa kwenye mazizi ya farasi wa polisi, na wakaigizishwa kukimbia ufukweni Wazungu wanapotia nanga.

Umbali mfupi tu, mtaani Elizabeth, Waaborijini wapatao 100 walikuwa wakifanya mkutano wao, Siku ya Maombolezo. Ukumbi wa jiji walinyimwa. Walipata ukumbi mwingine, lakini wakaambiwa waingilie mlango wa nyuma. Waandalizi walikuwa Jack Patten, mzaliwa wa Cummeragunja, na Bill Ferguson, mkata manyoya na mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, ambaye mwaka uliotangulia alianzisha Chama cha Maendeleo ya Waaborijini mjini Dubbo. Cooper alisafiri kutoka Melbourne akiwa na Nicholls na Tucker. Azimio lililopita lilipinga dhuluma ya miaka 150 na kudai uraia kamili.

Pearl Gibbs alikuwa miongoni mwa walioutengeneza mkutano huo. Naye alikuwa ametumikia katika nyumba za Wazungu tangu usichana wake, akakutana na wasichana waliotolewa kwao kwa nguvu, akawa anawasaidia kuikabili Bodi. Mwaka 1941 alizungumza redioni, mwanamke wa kwanza wa Kiaborijini kufanya hivyo, akawaeleza Wazungu sebuleni kwao mambo ambayo mtumishi aliyewapikia asingethubutu kuyasema.

Siku tano baada ya mkutano, ujumbe ulionana na Waziri Mkuu Joseph Lyons. Walimpa madai yenye vipengele kumi, wakataka serikali ya taifa iyachukue mambo ya Waaborijini kutoka majimboni. Lyons aliwasikiliza kwa adabu, akajibu kwamba katiba haimruhusu.

Kuvuka mto

Cummeragunja palikuwa pamebaki kivuli. Ardhi ilikuwa imekodishwa, nyumba zilivuja, posho haikutosha, maradhi yaliua watoto, na meneja Arthur McQuiggan aliogopwa na kuchukiwa. Barua za malalamiko kwa Bodi zilikuwa zikirudishwa kwa meneja huyo huyo. Juu ya yote palikuwa na hofu ya kila siku ya gari la Bodi. Mamlaka ya Bodi yaliishia mto Murray. Ng'ambo ni jimbo la Victoria, na kwa miaka mingi wazazi walikuwa wakivusha watoto huko kila habari za upekuzi zilipovuma.

Patten alipofika mwanzoni mwa Februari 1939 na kueleza anachokijua kuhusu mipango ya Bodi, polisi walimkamata kwa kosa la kuwashawishi wakazi waondoke rizavu. Walikwisha kushawishika. Tarehe 4 Februari familia zilianza kufunga mizigo, na watu wapatao 200 wakavuka mto hadi Barmah. Walipiga kambi katika baridi na mvua ya majira yaliyofuata huku serikali ya Victoria ikisita kuwapa posho. Ligi ya Cooper ikachangisha chakula. Miezi ikapita, wengine wakarudi, wengine wakahamia kambi za Mooroopna na Shepparton, ambako wajukuu zao wapo hadi leo.

Wageni wengi huliita tukio hili mgomo. Kwa waliovuka lilikuwa uamuzi wa wazazi. Waliacha nyumba, bustani na makaburi ya wazee wao, ardhi ile ile waliyoipigania tangu 1881, ili wawaweke watoto upande ambao Bodi haikufika. Kwa miaka 30 Bodi ilikuwa imewalazimisha wachague kati ya ardhi na watoto; mwaka 1939 wakachagua.

Walichokipata

Kelele za Dubbo, Sydney na Cummeragunja zililazimisha uchunguzi, na mwaka 1940 Bodi ya Ulinzi ikavunjwa. Mahali pake ikaja Bodi ya Ustawi wa Waaborijini. Kumchukua mtoto sasa kulihitaji tena amri ya mahakama, na baadaye viti viwili vya Bodi vikawekwa kwa Waaborijini. Ferguson alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchaguliwa. Lakini mahakama za watoto zilipima utunzaji kwa vitanda, madirisha na mshahara wa baba. Umaskini uliotokana na kunyang'anywa ardhi ukasomwa kama kosa la mzazi, na watoto wakaendelea kuondoka. Cooper alifariki Machi 1941. Ferguson alifariki Januari 1950, wiki chache baada ya kugombea ubunge wa taifa.

Uchunguzi wa kitaifa uliotoa ripoti yake mwaka 1997 ulikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970 mtoto mmoja kati ya watatu hadi mmoja kati ya kumi wa wenyeji alitenganishwa na familia yake. Mashahidi mamia walisimulia, na taifa likashtuka kana kwamba limepata habari mpya.

Turudi kwenye orodha aliyopelekewa Lang mwaka 1927, tuihesabu. Bodi ilifutwa moja kwa moja mwaka 1969, miaka 42 baadaye. Sheria ya haki za ardhi ya Waaborijini wa New South Wales ilipitishwa mwaka 1983, baada ya miaka 56. Bunge la taifa liliomba radhi kwa watoto waliochukuliwa tarehe 13 Februari 2008, baada ya miaka 81, na New South Wales ikaanza kuwalipa fidia walionusurika mwaka 2017, baada ya miaka 90, wengi wa wenzao wakiwa wamekwisha kufa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji maarifa ambayo hayakuwepo mwaka ule. Kuli wa bandarini aliyajua, mama wa Batemans Bay aliyajua, mbunge McGarry aliyajua kabla yao wote. Kilichobadilika katika miaka hiyo tisini ni gharama ya kutowasikiliza: ilipanda kidogo kidogo, kwa kila barua na kila mkutano, mpaka serikali ikaona ni nafuu kukiri.